Sauti Hupimwa Nyuma

Kindu, Jumamosi, tarehe 9 Novemba. Asubuhi ukungu mzito juu ya mto, ng'ambo haionekani. Mvua nyepesi saa mbili hadi saa tatu kasoro robo. Jua kuanzia saa nne.

Mpendwa Baba,

Leo nimebadilisha bafle za nyuma za gari, zile spika za redio. Ndivyo nilivyoandika jana katika daftari langu, kwenye kazi za Jumamosi, kati ya kupanga dawa za duka na kufua mapazia: «Kubadilisha bafle za nyuma, kuweka zenye nguvu zaidi.» Nilidhani ni kazi ya saa mbili. Imenimalizia siku, na sasa nakuandikia wewe badala ya kuandika daftari, kwa sababu lile neno «kubadilisha» halikuwa kweli, na wewe ulilijua hilo tangu zamani.

Aliyeanzisha ni dada yako, Shangazi Zuhura. Jumapili iliyopita nilikuwa namrudisha nyumbani kutoka msibani. Alikaa pale pako, nyuma upande wa kuume, mgongoni kwangu kabisa, kwa kuwa usukani wa gari hili nao uko kuume. Redio ilikuwa inasoma habari. Nikageuza kile kitufe cha kugawa sauti, nikaipeleka nyuma, kama nilivyozoea kukufanyia wewe. Mara nikasikia mwavuli unagonga kiti changu.

«We mutoto, unanibeba kama mufuko ya mihogo? Huku nyuma redio iko kimya!»

«Shangazi, sauti yote nimeileta huko kwako.»

«Imepitia njia gani? Mimi sijakutana nayo.»

Nilicheka. Nilifikiri ni masikio ya ukoo wenu. Lakini yeye hanyamazi kama wewe. Aligonga kiti mpaka tukafika, nami nikaamua kwamba bafle za nyuma zimechoka.

Unaikumbuka siku gari lilipofika? Liliteremshwa kwenye behewa pale stesheni, palepale ulipofanya kazi miaka yote ya kutunza nyaya za simu za reli. Gari dogo, la mviringo kama yai, mlango wake wa mizigo ukifunguka kwenda juu. Ulikuja na kofia yako ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatano. Nikakufungulia mlango wa nyuma, upande wa kuume, mahali wanapokaa wakubwa wanapoendeshwa, nikasema: «Leo wewe njo chef, mukubwa wa gari.» Miaka arobaini ulikuwa umewaona wakubwa wa reli wakikaa hivyo, na wewe unawapisha ukiwa na ngazi begani. Ulivuta suruali magotini, ukaingia polepole, ukaweka mikono juu ya mapaja.

Nikakuonyesha vile vifuniko vyenye matundumatundu kwenye ubavu wa gari, kando ya bega lako. «Baba, iko na bafle ine! Mbili mbele, mbili huku nyuma, zako.»

Ulikigonga kile kifuniko kwa kidole, mara mbili. Ukainamisha kichwa. Kisha ukasema, «Njo vile, mama. Njo vile.»

Nataka kukukumbusha na jambo la zamani zaidi, la miaka ya vita, treni ilipokoma na mashua zikaacha kupita. Mama alikuwa amevuka mto kwenda Kailo kutafuta mihogo, njia ikafungwa nyuma yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Katika mtaa mzima iliyobaki ni redio yako tu, ya betri tulizokuwa tunazianika juani kama samaki. Jioni ilisoma majina ya watu waliopoteana, na majirani walikuja kusikiliza.

Halafu mimi nikaitoboa bafle yake. Nilitaka kujua sauti inatokea wapi, nikaingiza kidole, karatasi ile nyeusi ikapasuka. Nilijificha nyuma ya choo mpaka jua likazama. Hukuniita. Ulichana karatasi kwenye daftari langu la hesabu, ukachemsha uji mzito wa unga wa muhogo, ukaiziba. Majirani walipofika wakaona kiraka chenye mistari ya daftari, ukawaambia ni panya.

Mama Feza, yule bibi wa nyumba ya pili, alikitazama kile kiraka kwa muda. «Huyu panya wenu anasoma darasa la ngapi?»

«La sita,» ukajibu. «Na anafanya vizuri.»

Watu walicheka, nami nikatoka mafichoni katikati ya kicheko chao. Hukuligusia tena jambo lile mpaka ukafa.

Redio ilikuwa na sauti nyembamba, kwa hiyo uliifunga ile bafle kwenye mdomo wa chungu kikubwa cha maji. Kila jioni, ukishaiwasha, ulifanya jambo ambalo wanaume walilicheka: uliwapita wote waliokaa mbele, ukaenda kukaa mwisho kabisa, kwenye mlango wa jiko, katikati ya vibibi. Ukisikia pale, ndipo ulipokubali kwamba imetosha. «Wa mbele atasikia tu,» ulisema. «Sauti inapimwa nyuma.»

Na ile jioni wanaume wa mbele walikuwa wanabishana risasi zimelia upande gani. Ni Mama Feza, huko nyuma, aliyelisikia jina la Mama, akapiga ukelele. «Nyamazeni! Mama Sifa iko Lubutu! Muzima! Anasema bwana yake asivuke!»

Ulikuwa umekwisha kupatana na mwenye mtumbwi kwa asubuhi yake. Kitambaa chako cha chakula kilikuwa kimefungwa tayari. Wanaume wawili wa mtaa wetu walivuka siku ile bila wewe, hatukuwaona tena. Mama alirudi baada ya miezi saba, amekonda, akakukuta barazani. Nimeishi maisha yangu yote nikijua kwamba nina baba kwa sababu bibi mmoja wa nyuma alisikia.

Ndiyo maana siwezi kujisamehe kwa urahisi, Baba, kwa ile Ijumaa.

Nimelifungua daftari nihakikishe. Tarehe 16 Februari, mvua kubwa tangu alfajiri. Nilikuwa nakurudisha kutoka msikitini, matope yanavuta magurudumu, na redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Ukauliza, «Wanasema ni nani?» Sikujibu. Ukauliza tena. Mara ya tatu nikageuka nusu na kusema maneno ambayo niliyaandika usiku ule kama yalivyo, kwa sababu huwa naandika kila kitu:

«Baba, masikio yako imekufa! Sauti yote iko kwako huko. Niongeze mpaka wapi?»

Kwenye kioo niliona kofia yako tu.

Aliyetangazwa alikuwa mwenzako wa stesheni, mliyepanda naye nguzo za simu tangu mkiwa vijana. Ulipata habari baada ya siku tatu, amekwisha kuzikwa. Ulikwenda kwa mjane wake na fimbo yako, naye akakupokea barazani bila kukukaribisha ndani. «Watu wa mbali wamefika,» alikuambia, «wewe wa mtaa wa tatu hukufika.» Ulimjibu neno moja: «Sikusikia.» Tangu hapo watu wote wakajua kwamba muzee wa nyaya amekuwa kiziwi. Mimi mwenyewe nilisaidia kueneza. Nilikupigia kelele mezani. Niliwaambia wageni waseme karibu na sikio lako, nawe ukawavumilia, ukiinamisha kichwa kwa adabu.

Na katika daftari lilelile, kurasa nne mbele, kuna mwandiko wangu: «Baba ameniuliza kwa nini nililia. Nilikuwa jikoni, mlango umefungwa, yeye barazani.» Niliyaandika yote mawili kwa kalamu moja, wala sikuyaweka pamoja.

Leo saa tano Fundi Radjabu alifungua kile kifuniko cha kuume. Akachungulia. Akanitazama.

«Mama, unataka nibadilishe nini? Hapa hakuna kitu.»

«Bafle imeanguka ndani?»

«Haijaanguka. Haikuwako. Gari zingine zinatoka vile kiwandani, mbele mbili, nyuma ni kifuniko ya urembo.»

Nilishika paa la gari. Ulikigonga kile kifuniko mara mbili, Baba, siku ile ya kwanza. Mtu aliyesikiliza nguzo na nyaya miaka arobaini, ungekosaje kusikia utupu? Ulijua kabla hatujatoka kwenye uwanja wa stesheni. Na kila nilipogeuza kile kitufe kwa huruma zangu, nilipunguza hata ile sauti kidogo ya mbele iliyokuwa inakufikia, nikaipeleka mahali pasipo na kitu. Ungeweza kuhamia mbele. Lakini ningeuliza kwa nini, na ungelazimika kuniambia kwamba kiti nilichokupa cha heshima hakina sauti.

«Lakini ngoja,» Radjabu akasema, mkono wake umeingia mpaka kiwiko. «Nyaya iko.»

Alizivuta taratibu. Mbili, zimepita chini ya zulia kutoka kwenye redio mpaka pale, zimebanwa kila shubiri moja zisigonge. Ncha zimezungushwa mara saba, zikapakwa nta ya mshumaa, zikavikwa kitambaa.

«Nani alifanya hii? Huyu si fundi wa siku hizi. Huyu alijua kazi.»

Nilikuwa nimekaa mara elfu utotoni mwangu nikikushikia ule mshumaa. Radjabu akatoa na kipande cha boksi la dawa, la duka langu, kimeandikwa kwa penseli, herufi zako zinazoegemea nyuma kama mtu anayevuta kamba: «Bafle: kuume sentimita 16. Kushoto 16. Tundu litanuliwe kidogo. Sifa asisumbuliwe.»

Niliingia ndani kufungua daftari. Jumamosi, tarehe 9 Machi: «Baba ameomba funguo afute vumbi kwenye gari. Amefuta kutwa nzima. Magoti yanamuuma.» Wiki iliyofuata: «Baba ana homa.» Mwezi wa nne tulikuzika. Hukupata siku ya kwenda kutafuta bafle.

Niliporudi uani Radjabu alikuwa bado amezishika zile ncha. «Sasa muntu amepitisha nyaya vizuri vile, kwa nini hakuweka bafle?»

Ikanitoka tu. «Panya.»

Alizigeuza nyaya huku na huku. «Panya hajakula hapa, mama.»

Nilicheka, Baba, nikacheka mpaka nikalia, na yule maskini akaanza kufungua mlango wa kushoto ambao haukuwa na shida yoyote.

Kazi tumeifanya. Alikata duara mbili za ubao mwembamba, akatanua matundu kama ulivyoandika, akafunga bafle mpya nilizonunua, akazungushia sponji pembeni ili bati lisitetemeke. Aliuliza kama aweke nyaya mpya. Nikasema hizohizo. Alipomaliza alikaa mbele, akawasha, akapiga makofi. «Inalia! Kuja usikie!»

«Kaa hapo hapo,» nikamwambia. «Mimi napima nyuma.»

Miaka mitano nina gari hili na sikuwahi kukaa kiti cha nyuma. Kimebonyea kidogo, kwa umbo lako. Kishikio cha mlango kimeng'aa pale dole gumba lako lilipokuwa linakaa. Kutoka pale huoni uso wa mtu wa mbele, unaona kisogo tu. Kwa hiyo hivi ndivyo ulivyoniona, safari zote zile.

Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Nilisikia jina, mtaa, nyumba wanapokusanyika, saa ya kuzika. Kila neno, kama limesemwa begani. Simjui marehemu yule.

«Imetosha, mama?» Radjabu akauliza.

«Imetosha.» Halafu nikasema, «Ongeza kidogo, kwa ajili ya njia mbaya.»

Nimekwisha kumwambia Shangazi Zuhura ajitayarishe kesho saa tatu. Amesema atakuja na mwavuli wake, kwa usalama. Tutakwenda kwa mjane wa mwenzako. Nitamwomba anipokee, hata kama ni barazani, nimweleze kwamba hukuwa kiziwi. Kwamba uliuliza mara tatu jina la bwana yake, na mtu aliyekuwa mbele yako alilisikia na hakukujibu. Baadaye nitawaambia na jamaa wote, mmoja mmoja, niliowafundisha kukupigia kelele. Naogopa. Yule mama ana ulimi, na atakuwa na haki.

Najua ungefanya nini ungekuwapo. Ungetangulia kushuka, ungeinua mkono kabla sijafungua mdomo. Tafadhali, safari hii niachie. Mwambie Mama huko mliko kwamba mtoto wenu amekua, anaweza kutoka nyuma ya choo bila kuitwa. Hapakuwa na panya, Baba. Nilikuwa mimi.

Daftari lako la nyaya, lile ulilotumia kazini stesheni, nimeliweka pamoja na yangu, na kile kipande cha boksi kiko ndani. Nikizima gari kesho nitakugongea kile kifuniko mara mbili. Sasa kimejaa.

Binti yako uliyemwita mama,
Sifa

Nimezima taa saa nne kasoro robo.