Mgonjwa wa Mwisho Kwenye Benchi

Kibondo

Mdogo wangu Neema, hujambo? Mvua ya huku haikatiki, na ugali wa muhogo nimeshauzoea. Nimekuja kumshikia zamu daktari wa hapa ili apumzike wiki mbili. Leo mchana nikamwita mgonjwa wa mwisho. Akainuka daktari mwenyewe, na kadi mkononi.

"Unaumwa nini?"

"Sijui, dada. Juzi nilimwambia mama mmoja mwanaye amefariki, kisha nikaendelea kula muhogo wangu."

Tangu asubuhi manesi walikuwa wakimpita pale kwenye benchi, wakimsalimu kwa Kiha, "Mwakeye, daktari," naye anaitikia kwa tabasamu.

Na wewe ni daktari, mdogo wangu. Nakuuliza tena: hujambo? Safari hii usinijibu haraka.

Dada yako,
Agripina