Mfuko wa Neema Nauangalia Mwenyewe

Wawira, mke wa mwanangu,

Neema yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya habari za mume wako. Mbwa wako amelala hapa miguuni pangu, amenona, manyoya yanang'aa kama viatu vya mhubiri, na jana alifukuza tumbili mpaka ndani ya majani chai ya jirani. Njeru naye yuko hai, kwa kuwa hujauliza. Bado hali vizuri, lakini ameanza tena kunyoa ndevu. Mtoto ameng'oka meno mawili ya mbele na ana mdomo kuliko mimi. Ndiyo shida ya kumpa mtoto jina la nyanya yake. Nikimkemea Rwamba najikemea mwenyewe.

Sasa nikugombeze kidogo. Mtu wa umri wako anaondoka kwa homa ya mapafu, wiki moja tu, kwa baridi ya mwezi wa saba, na mimi mzee niko na sweta moja na sijapiga hata chafya? Nilikuambia uvae soksi nzito ukienda kazini. Hukusikia. Masikio yako yalikuwa ya kusikia ng'ombe na mbwa.

Barua hii naiandika siku ya nne leo. Niliishia darasa la tatu, unajua, na miwani hii ya sokoni Embu inaniumiza pua. Ukikuta herufi imepotea, nyamaza.

Nakumbuka ulivyokuja hapa Kibugu kutoka kwenu Kanja. Wasichana wengine huja na sufuria na blanketi. Wewe ulikuja na sufuria, blanketi, na mbwa jike mdogo ndani ya kikapu. Nikauliza anaitwaje. Ukasema, "Neema, Mama." Nikakuambia hilo ni jina la mtu aliyebatizwa, kwenye kwaya yetu tuna akina Neema wawili na mmoja ni mweka hazina. Ukacheka. Sikukipenda kicheko kile. Nilisema moyoni, huyu hatadumu hapa. Mungu anisamehe, sikumaanisha hivi.

Wewe ulijua desturi yetu ya kuchambua mahindi, maana hata kwenu iko. Mavuno yakiingia, wanawake tunakaa chini na kuyagawa mafungu matatu. La kwanza ni punje safi, za kula na za kupanda. La pili ni zilizovunjika na kuguswa na wadudu, hizo ni za kuku. La tatu ni zile nyeusi na za kijani, zilizoshikana kwa ukungu. Hizo ni za mbwa, na zikizidi anauziwa yule mtu wa pikapu anayepita kila mavuno akisema anawapelekea watu wa vyakula vya mifugo. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Hakuna aliyeuliza. Na huku kwetu mvua haijali kwamba mahindi yanataka kukauka, kwa hiyo fungu la tatu halikosi.

Askari, mbwa wangu mimi, alianza kukataa chakula mwaka wako wa pili hapa. Akatapika. Macho yakawa ya njano kama ndizi mbivu. Akafa kando ya zizi, na mimi nikajua ni nani amemuua. Nilisimama kwenye ua nikamtukana Mama Ireri jirani, mbele ya watu waliokuwa wakipeleka majani chai kituoni, kwamba amemtilia mbwa wangu sumu kwa sababu ya yule kuku wake aliyeliwa na Askari. Sauti yangu unaijua. Ilifika mtoni.

Wewe ulikuwa ndiyo unatoka kazini Manyatta, bado umevaa lile koti la agroveti, duka lenu la dawa na vyakula vya mifugo. Uliingia stoo, ukatumbukiza mkono ndani ya debe la fungu la tatu, ukanusa, ukaniletea kiganja. "Mama, sumu ni hii. Ni kuvu."

Nilikujibu vibaya. Nilikuambia nimelisha mbwa hivyo tangu mama yako hajaolewa. Nilikuambia tunaipika, na moto hata shetani anauogopa. Ukasema polepole, kama unamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "Hii haiogopi, Mama. Kuvu inakufa, sumu yake inabaki." Kisha ukasema lile lililonichoma zaidi, kwamba ng'ombe akila hiyo, sumu inatoka na maziwa. Na mimi mabaki ya debe lile nilikuwa nampa ng'ombe. Na Rwamba alikuwa wa miezi tisa, anakunywa uji wa maziwa kutoka mkononi mwangu.

Niliingia jikoni nikafunga mlango. Lakini ng'ombe hakuonja tena fungu la tatu. Nilidhani hukuona. Sasa najua uliona, ukaniachia heshima yangu.

Halafu nikafanya ujinga mwingine. Ili ujue nami ni mtu wa kisasa, nilienda sokoni nikanunua unga wa mbwa, mfuko wenye picha ya mbwa mkubwa wa kizungu anayecheka. Ulikuwa rahisi kuliko wa dukani kwenu, ule uliokuwa ukimlisha Neema. Nikauweka mezani kama mtu aliyeleta nyama ya Krismasi.

Ulileta karai. Hukufungua mfuko kwanza, uliupindua ukatazama mshono. Ulikuwa umeshonwa mara mbili, kwa nyuzi mbili tofauti, maana yake kuna mtu aliufungua baada ya kiwanda. Ukatafuta tarehe, imefutika. Ukasoma vilivyomo ukaniambia kinachotajwa kwanza ndicho kingi. Cha kwanza pumba. Cha pili nafaka, na hawakusema nafaka gani. Nyama ilikuwa ya mwisho, nyuma ya chumvi. "Hii nyama ilipita tu kusalimia, Mama." Nilitaka kucheka nikajizuia, nikakohoa.

Ukamimina kidogo kwenye karai, na harufu ya mafuta yaliyochacha ikajaa nyumba. Ukatia maji ya uvuguvugu. Maganda yakaelea, mchanga ukabaki chini, na katikati kulikuwa na mabonge ya kijani. Ukayavunja kwa kijiti. Kisha ukaniuliza bila kuniangalia usoni, "Mama, yule mtu wa pikapu hupeleka wapi fungu letu la tatu?"

Wawira, niliufunga mfuko ule nikautoa nje. Na wewe swali lile hukulirudia tena. Mke wa mwana mwingine angelipeleka mpaka kanisani kwa akina mama. Wewe uliosha karai, ukaanika.

Na mwaka ule bado niliuza. Nakuambia kwa sababu wafu hawadanganywi. Niliuza, na kila mwaka uliofuata niliuza, kwa sababu nikiacha ingekuwa nimekubali kwamba mwanamke wa juzi amenifundisha kazi ya mama yangu.

Ulipolazwa Embu, nilikaa kando ya kitanda nikingoja uniusie mtoto. Ukanishika kidole. "Rwamba najua utamtunza. Mfuko wa Neema uangalie mwenyewe, Njeru hachungulii." Nilikasirika. Mtu anapigania pumzi, anataja mbwa! Nilitoka nje ya wodi nikasimama. Ilikuwa wakati wa matanga, nikiwapikia watu chai, ndipo nilipoelewa kwamba ulikuwa umeniamini. Mimi niliyemuua Askari. Nikaacha chai ikafurika motoni. Mbwa huyu akifa mikononi mwangu kama yule mwingine, nitakuja huko nikuangalie kwa macho gani?

Kwa hiyo naenda Manyatta mwenyewe. Kuna bwana mmoja amechukua nafasi yako dukani, mtu mzima mwenye kitambi. Siku ya kwanza nilimwambia afungue mfuko, nikatia pua ndani. Watu kwenye foleni wakaanza. Mmoja akasema, "Cucu huyu, nyanya mzima, anataka kuonja!" Nikamwambia angalau mimi nanusa kabla, yeye anakunywa pombe ambayo hata aliyeipika haiamini. Wakamcheka yeye.

Nikamuuliza mwenye kitambi, waliotengeneza hii wameipima kuvu? Karatasi ya vipimo iko wapi? Akasema, "Cucu, ni ya mbwa tu." Nikamwambia, "Wawira alisimama hapo hapo uliposimama, na hilo neno 'tu' sikuwahi kulisikia kwake." Akaona haya, nilimwona. Akawapigia simu watengenezaji. Mmoja alituma karatasi. Wengine walisema watatuma, na mpaka leo naona bado wanatafuta kalamu. Nanunua wa huyo mmoja.

Nyumbani nafanya yote uliyokuwa ukifanya. Mshono, tarehe, pua, karai. Mfuko mpya nampa Neema kidogo kwanza, siku tatu, nikiangalia kinyesi chake. Mimi, mama wa kanisa, nimeinama shambani na miwani naangalia kinyesi cha mbwa! Mama mchungaji alinikuta hivyo akaniuliza nimepoteza nini. Unga nauweka kwenye ndoo yenye kifuniko, juu ya mbao, mbali na ile sakafu inayotoa maji.

Lakini pua ina mwisho wake, na wewe ulinionya. Ulisema sumu ile inaweza kukaa kwenye unga mkavu, mzuri, wenye harufu kama mkate, na usijue. Nikawa nafikiri nikichuma chai. Mimi nanusa huku mwisho wa njia, je, kule mwanzo ni nani anayetia sumu? Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa stoo kwangu, limefungwa kwenye magunia.

Mavuno haya mvua ilikuta mahindi bado yako shambani. Fungu la tatu likawa kubwa kuliko la kwanza, sijawahi kuona. Mtu wa pikapu akafika, akapiga honi, akasema, "Mama, leta ile mbovu. Si ya watu, ni ya mbwa." Maneno yangu mwenyewe, Wawira. Miaka yote hiyo nimeyasema, na sikujua yanavyosikika. Neema alikuwa amekaa kati yetu.

Nikamwambia haiuzwi. Akadhani nataka aongeze, akaongeza. Nikamwambia ageuze gari kabla sijamwachilia mbwa. Neema akaenda akamtikisia mkia. Mbwa wako hana aibu hata kidogo.

Njeru aliniuliza kama naumwa. Nikampa jembe. Tulichimba shimo juu kule nyuma ya migomba, mbali na mto, na nilipochoka alichimba peke yake. Tulipomwaga gunia la mwisho ndipo aliposema, "Wawira angecheka." Tangu tukuzike hakuwa ametaja jina lako, hata mara moja. Tulisimama pale, mimi na mwanangu, na udongo mikononi.

Mama Ireri akaja kwenye ua kuona ni nani tunamzika. Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba Askari nilimuua mimi, na matusi yale yote nayarudisha, aniwie radhi. Neno hilo hunikwama kooni kama mfupa, wewe unajua, lakini lilitoka. Akanitazama. Akasema, "Nilikuwa nalingoja, mzee wewe. Nilianza kuogopa utakufa nalo." Kesho yake asubuhi nikasikia toroli linalia njiani. Ni yeye, amejaza fungu lake la tatu. "Shimo lina nafasi?"

Lilikuwa na nafasi. Wakaja wengine wawili, tukachimba la pili. Si wote waliokuja, usidhani huku kumekuwa mbinguni. Kuna mmoja kanisani anasema mazishi ya mahindi ni wazimu wa uzee, na yeye bado anauza. Lakini hajanisikia vizuri bado. Jumapili nitakaa karibu naye.

Wawira, sikuwahi kukushukuru. Nilikuwa na miaka sita ya kufanya hivyo na niliitumia kukuambia ugali wako ni mwepesi. Ulikuwa mwepesi, siondoi neno. Lakini asante. Asante kwa maziwa aliyokunywa Rwamba. Asante kwa kuingiza mkono ndani ya debe lile badala ya kuniacha niendelee kupiga kelele. Asante kwa swali uliloniuliza mara moja ukaliacha likomae lenyewe. Mama yangu alinifundisha kuchambua. Wewe ulinifundisha kuuliza kinachochambuliwa kinaenda wapi, na nimezeeka sana kwa kufundishwa, lakini nimefundishwa.

Nakuahidi hivi. Punje nyeusi haitatoka tena kwenye ua huu kwa gari la mtu, mradi nina pumzi. Kila mfuko utakaoingia nitaupindua na kuunusa, na siku pua yangu ikifa Rwamba atakuwa anajua. Neema atazeeka hapa, atakufa kwa uzee kama watu wenye bahati, na si kwa mkono wangu.

Kaa vizuri huko uliko, mwanangu. Ukisikia mtu huku duniani anapiga kelele dukani juu ya chakula cha mbwa, usishtuke wala usione haya mbele ya wenzako. Waambie tu huyo ni mama yako.

Mama Njeru