Barua ya Uteuzi Isiyo Ukutani

Mjukuu wangu Nasra,

Marahaba, mwanangu. Sote wazima, na mamako keshapaka rangi ukumbi. Unauliza kwa nini barua yangu ya uteuzi haikurudi ukutani.

Nilikuwa mwanasheria wa serikali, nikateuliwa kuingia Baraza la Wawakilishi bila ya kupigiwa kura na mtu. Siku moja akanijia Bi Mize, mkulima wa mwani wa Matemwe. Sheria mpya ilimfungia ufukwe aliolima tangu usichana wake.

Nikamwambia, "Kamuone mwakilishi wa jimbo lako."

"Nshamuona. Kanambia sheria umeiandika wewe."

Kweli niliiandika, ofisini mjini, ramani mbele yangu. Nikamkaribisha chai, akaondoka bila ya kuionja.

Mpaka leo Matemwe sijafika. Ukija likizo, nipeleke.

Bibi yako