Ng'ombe wa Ukutani kwa Wambui

Rika langu Gathogo,

Vumilia baridi ya Mweiga. Huku Wang'uru jua linanikaanga, na mimi sasa ni mchoraji. Ng'ombe aliye ukutani kwa duka la maziwa la binti yangu Wambui ni kazi yangu. Haya, nilishika ngazi tu. Na afadhali, maana fundi amechora dume mwenye nundu, kama wale wanaolima mpunga hapa, ndio anaowajua. Wapita njia wanamuuliza Wambui, "Mama, huyu mnamkamua wapi?" Na anafungua duka Jumamosi hii.

Fundi akaniambia kama mjukuu wangu, "Guka, si nimeandika MAZIWA FRESHI hapo juu? Wasome."

Nikamwambia mimi nasoma polepole. Kabla sijamaliza hayo maneno, nitakuwa nishacheka dume lake nikaenda zangu. Akafuta nundu. Sasa kiwele ndicho kimemshinda.

Dereva wa lori la maziwa anakuletea kadi hii. Msalimie mkeo, Mungu amzidishie uvumilivu. Nilikulishia kuku ulipoenda kwa wakwe kumbembeleza arudi, kwa hivyo leo ni zamu yako: mshike ng'ombe wako atulie, dereva ampige picha ya ubavuni, kiwele kionekane vizuri, fundi apate cha kuiga. Wewe simama nje ya picha, tafadhali.

Wako, Ndirangu