Siombi Radhi kwa Mtani

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Mazoezi baada ya alasiri. Vumbi. Goti linauma, si habari mpya. Sefu, beki wangu kutoka Kurui, bado anaukimbilia mpira kama kuku aliyeona punje. Nimemwambia beki haukimbilii mpira. Anasimama pale ambapo mpira utaona haya kupita. Hakuelewa. Nikamwambia ana kichwa kama kibuyu kilichotoboka, unajaza huku kinavuja kule. Hapo akaelewa. Akasimama vizuri mpaka magharibi.

Ndiyo kazi yangu. Walimu wengine wana filimbi. Mimi nina mdomo.

Jumatano, 4 Agosti

Tarishi wa Boma kaja asubuhi. Liwali ananiita. Nikavaa kanzu ya Ijumaa, nikijua si kwa heri.

Habari yenyewe hii. Mechi ya Idi Pili tunacheza na Kibaha, ile timu ya shamba la mkonge. Bwana Shauri mpya, Mzungu mkuu wa wilaya, atakuja kutazama, yeye na mkewe. Liwali hataki matusi uwanjani. Mwaka jana mdomo wangu ulisikika mpaka barazani kwa Wazungu. Nikimtukana mtu yeyote safari hii, sifundishi tena mpira Kisarawe. Maisha.

Nikauliza, hata mtani? Akatazama dirishani.

"Hata mtani, Kisiki."

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Kibaha wote pale ni Wanyamwezi waliokuja kukata mkonge, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu. Yeye ananitukana, mimi namtukana, anachukua kitu changu, nachukua chake, na siku ya msiba yeye ndiye anayenizika. Liwali ni Mzaramo kama mimi. Anajua. Alipokufa baba yake, Mnyamwezi mmoja aliingia kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe chake. Liwali alikuwepo. Alilia na kucheka pamoja. Leo kavaa tarbushi ya serikali, kasahau. Hajasahau. Anaogopa. Ni vibaya zaidi.

Ijumaa, 6 Agosti

Baada ya sala sikutaka maneno ya watu. Nimekaa nyuma ya nyumba nikaiwaza Kibaha.

Nilikuwa mkata mkonge pale. Kwa jina tu. Sikukata hata jani moja. Bwana wa shamba aliupenda mpira kuliko mkonge wake, akaniandika kazi nisimame beki mbele ya goli lake nisipitwe. Posho, blanketi, nyama Jumamosi. Tulicheza peku, tena uwanja una visiki kweli. Jina nililipata hapo. Fowadi anakuja mbio, ananikuta, anarudi kwao na habari.

Fowadi wetu alikuwa Maganga. Mnyamwezi, mtani wangu. Hakuna mtu aliyenisumbua kama yeye, na tulikuwa timu moja! Siku moja mazoezini tuligombea mpira, goti likalia kama kuni kavu. Akanibeba mgongoni mpaka kwa mganga wa shamba. Njia nzima nikimwambia, polepole mpagazi, huo mzigo wa Mzaramo. Alikuwa anacheka. Machozi yanamtiririka, anacheka.

Shamba halikuwa na haja na beki wa mguu mmoja. Wakanirudisha Kisarawe. Hakuna aliyenipa kazi ya kufundisha. Nilikwenda mwenyewe nikasimama kando ya uwanja nikaanza kutukana watu. Wakacheza vizuri. Basi, nikawa mwalimu. Maganga alibaki, akawa mwalimu wa shamba. Tangu hapo kila Idi tunakutana, yeye kule, mimi huku, katikati vijana wetu.

Leo naambiwa ninyamaze.

Jumanne, 10 Agosti

Idi. Tumesali, tumechinja. Nyama laini, hata mimi na meno yangu haya.

Mke wangu, Binti Kondo, kaniambia kesho nifunge mdomo. Nikamwambia Ramadhani ilishapita, mimi na kufunga mpaka mwakani. Hakucheka. Kwa hiyo na yeye anaogopa.

Nimeamua kujaribu. Kwa ajili yake. Nimeandika hapa ili nisijidanganye kesho.

Jumatano, 11 Agosti

Goti, mkono, mbavu. Vyote vinauma. Naandika hivyo hivyo.

Lori la shamba lilifika asubuhi. Maganga akashuka wa kwanza. Hakuja kunipa mkono. Alipita moja kwa moja uani kwangu, akamkamata jogoo wangu mwekundu, yule anayeniamsha alfajiri, akambana kwapani. Akasema hiyo posho ya safari, tena ndogo, Mzaramo bahili wewe. Binti Kondo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi ningefanya nini? Mtani akishachukua amechukua.

Nikajibu kwa kichwa tu. Maganga akanitazama. Akaniuliza, "Unaumwa?"

Uwanjani nikapewa kiti karibu na meza ya Bwana Shauri. Ili nionekane. Nikakaa kama bibi harusi. Mpira ukaanza. Sefu akakosea, akanitazama. Kimya. Akakosea tena, akanitazama tena, kama mtoto anayesubiri kofi lisilokuja. Hafu taimu tuko nyuma mbili bila. Niliwaambia simameni vizuri, jamani. Hilo tu. Wakatazamana. Mmoja akanishika paji la uso.

Kipindi cha pili Maganga akazunguka nyuma ya goli na jogoo wangu kwapani. Akasimama mbele ya kiti changu. Akanitazama sana. Kisha akampa mtu jogoo, akavua shuka lake, akanifunika gubigubi, kichwa mpaka miguu. Akaanza kulia.

"Jamani Wazaramo! Kisiki amekufa! Mnamwacha juani? Nani anilipe nimzike?"

Wanawake vigelegele. Wanaume mbavu hawana. Mimi ndani ya shuka, harufu ya tumbaku, giza. Nikawaza. Nikinyamaza, kesho nafundisha. Nafundisha nini? Nitakuwa maiti mwenye kazi.

Nikalitupa shuka.

Yote niliyosema siyaandiki, Binti Kondo anajua kusoma kidogo. Nilimwambia Maganga ana miguu kama mipini ya majembe mawili yasiyofanana. Nikamwuliza mzigo wangu aliubwaga wapi, mpagazi mwizi. Akaniambia sisi Wazaramo tunajua ngoma tu, hata mpira tunauchezea kiuno. Nikageukia vijana wangu. Nyie mabeki, mnalinda goli au mnalichungulia? Sefu, hicho kibuyu cha kichwa nimekileta uwanjani kwa bahati mbaya?

Mgongo wa Sefu ulinyooka. Nimeuona kwa macho yangu. Tangu hapo fowadi wa Kibaha hawakupita. Tukarudisha moja. Tukarudisha la pili. Mwisho Sefu aliutoa mpira mstarini kwa paja, akaanguka nao, akaamka anacheka. Mbili mbili.

Sasa ujinga wenyewe. Filimbi ya mwisho ilipolia nilimwinulia Maganga bakora, akajitupa chini kama maiti, ulimi nje. Bwana Shauri akaruka kutoka kitini. Akadhani nimeua! Akaita askari. Askari wakanikamata, nikaanguka kwa goti lile lile, na uwanja mzima unacheka, na maiti naye anacheka, na Mzungu mwekundu kama nyanya hajui nani anachekwa.

Liwali peke yake hakucheka.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimeondolewa. Amri imesomwa msikitini na sokoni. Sina ruhusa ya hata hatua moja uwanjani.

Kanzu imechanika.

Jumamosi, 14 Agosti

Tarishi tena. Liwali ana huruma, anasema. Bwana Shauri ametulia. Alhamisi kwenye baraza Maganga ataitwa, nami nimwombe radhi mbele ya watu. Nikiomba, narudi uwanjani siku hiyo hiyo. Nisipoomba, ndiyo mwisho.

Mji mzima unaniambia omba. Neno moja tu, Mzee Kisiki, ulimi hauna mfupa. Wanaongea kama naambiwa nimeze shubiri, nikunje uso, ipite.

Hawaelewi, au wanajifanya. Radhi anaombwa mtu baki. Nikimwomba Maganga radhi nimesema mbele ya Kisarawe yote kwamba yeye si mtani wangu, ni mtu tu niliyemtukana. Basi utani umekufa, na nimeuua mimi. Siku yangu nani ataingia kaburini alale chali? Nani atawachekesha wanangu wakiwa wanalia? Liwali?

Siombi.

Jumatatu, 16 Agosti

Mazoezi bila mimi. Nyumba yangu haiko mbali, husikia kila kitu. Leo nimesikia mpira tu. Du. Du. Hakuna anayemwambia mtu kitu. Kinauma kuliko goti, kimya kile.

Jioni Sefu kaja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani kakwambia uje huku na miguu michafu?"

Akasema wote wananiomba, omba tu radhi, babu, la sivyo tutapigwa mechi zote. Nikamfukuza. Alipofika njiani nikamwita nikamwambia akae upande wa kulia zaidi, anaacha mlango wazi. Akaitikia.

Nimelia kidogo. Vumbi.

Alhamisi, 19 Agosti

Baraza limejaa mpaka nje. Liwali kitini, tarbushi kichwani. Karani pembeni. Maganga kaja na lori la asubuhi, kavaa koti la nani sijui.

Liwali akaniambia nisimame niseme nililo nalo.

Nikasimama. Goti likapiga kelele, watu wote wakasikia. Nikamtazama Maganga. Nikasema, "Jogoo wangu anakula vizuri huko kwenye njaa?"

Watu wakapasuka. Liwali akapiga meza. Akasema hii ni mara ya mwisho, Kisiki, sema neno ulilokuja kusema. Nikasema nimeshasema.

Akafungua kinywa anifukuze. Ndipo Maganga akainuka. Hakuitwa. Akaenda mpaka mbele, taratibu, akamvua Liwali tarbushi, akaivaa yeye. Akakaa juu ya meza ya serikali, miguu inaning'inia.

"Mtani, baba yako tulimzika vizuri sana. Mimi ndiye niliyelala mle ndani. Hii kofia nachukua, ulinipa kidogo siku ile."

Karani akaangusha kalamu. Askari akapiga hatua moja, akasita, akamtazama Liwali. Sote tulimtazama Liwali. Kichwa chake kitupu, kina upara mdogo ambao hatukuujua. Mshipa wa shingo umetuna. Akisema mkamateni, amemkana baba yake na kaburi lake mbele ya watu wote. Nimeona midomo yake ikigombana.

Akacheka. Kwanza puani. Kisha ikamshinda, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa kanzu, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko.

Akasema shauri limekwisha. Kisiki arudi uwanjani. Akasema tena, kwa sauti ndogo, siku Bwana Shauri akija nikae upande wa pili. Nikasema nitakaa ninapopaona mpira. Akajifanya hakusikia.

Radhi haikuombwa na mtu.

Tarbushi ya serikali imekwenda Kibaha kwenye lori. Imempwaya Maganga, inamfika masikioni.

Jumapili, 22 Agosti

Alfajiri imenipita. Hakuna wa kuwika. Nimeamka jua liko ukutani, Binti Kondo ananitazama tu.

Jioni uwanjani. Nilikaa kwenye kiti changu na kinywa tayari. Sefu alisimama pale pale, kulia, mpira ukaja, ukamwona, ukaenda kwingine. Nikatafuta la kumwambia. Sikupata.

Jua likashuka. Tukarudi.

Maganga ana mbuzi mweupe anamfuga kwa ndugu zake Magindu. Mzuri sana, nasikia. Binti Kondo amekaa mlangoni, anasokota kamba.