Bei ya Nyar Karungu

Jumanne, 2 Septemba 1997. Suna.

Kabureta mbili asubuhi, zote za watu wa Muhuru. Maji ndani ya petroli, kama kawaida. Wanabeba petroli kwenye madebe ya mafuta ya kupikia halafu wanailaumu injini. Mke wangu Zaituni aliniletea chai dukani, nikainywa nimesimama.

Saa sita alikuja mtu kutoka Homa Bay, jina lake Ouma. Kaka yake, marehemu Owino, ameacha boti ya injini mbili ya kubeba abiria. Mjane anaiuza. Mnunuzi yupo, Okumu, mwenye lori la samaki. Hawaaminiani hata kidogo. Wamekubaliana jambo moja tu: bei ipangwe na fundi wa Suna, yaani mimi, kwa kuwa si wa ukoo wa yeyote. Babu yangu alikuja hapa kutoka Mumias na sanduku la sindano na nyuzi. Miaka sitini baadaye bado tunaitwa Waswahili wageni. Leo ugeni umeniletea kazi.

Owino nilimjua. Nilimtengenezea injini mara moja, miaka mitatu iliyopita. Mtu wa kucheka. Niliposikia amekufa majini mwezi wa tatu sikwenda mazishini. Nilisema nina kazi nyingi.

Ouma alipokuwa akitoka alinishika mkono. "Fundi, hiyo boti ndiyo ilimuua. Angalia, lakini usikae ndani sana." Nilicheka. Mimi si mtu wa mizimu.

Alhamisi, 4 Septemba. Homa Bay.

Boti zote za ufuo huu zimebanana. Hii imelazwa peke yake juu ya magogo, kama hatua hamsini kutoka kwa nyingine. Watoto hawachezi kivulini mwake. Ubavuni jina kwa rangi nyekundu: NYAR KARUNGU. Ndivyo anavyoitwa mjane mwenyewe, binti wa Karungu, maana ameolewa hapa kutoka huko. Owino aliipa boti jina la mkewe kwa mapenzi. Sasa watu wanasema Nyar Karungu amemmeza mumewe, na wala hawajali kueleza ni yupi. Sokoni kuna wanawake hawamwuzii wala hawanunui kwake.

Mimi namwita Mama Achieng', kwa jina la binti yake. Mrefu, mkimya. Alinisimulia bila kulia. Magugu ya maji yalikuwa yamefunika ghuba. Owino alikuwa ameshusha abiria, anarudi peke yake. Wavuvi walimwona kwa mbali amesimama nyuma, ameiinamia injini moja. Boti ikaruka, yeye akatupwa majini. Kisha boti ikazunguka, ikazunguka, haina mtu ndani, na hakuna aliyethubutu kuisogelea mpaka magugu yalipoizima. Yeye walimpata siku ya tatu, chini ya magugu hayohayo.

Nikafungua tangi. Petroli imo, karibu nusu. Miezi sita ufuoni na hakuna aliyeiiba. Homa Bay hii! Hapo niliogopa kidogo, nakiri.

Okumu anatoa elfu thelathini. "Mimi najua bei ya boti, fundi. Lakini hii imekula mtu. Nani atapanda? Hiyo thelathini ni huruma." Mama anataka laki moja. Anataka kurudi kwao Karungu aanze biashara ya samaki wa kukausha, kwa sababu hapa hapakaliki tena.

Ijumaa, 5 Septemba. Homa Bay.

Nimeanza saa mbili. Nimegonga mbao zote kwa nyundo ndogo, moja moja. Mvule, bado zinalia vizuri. Nyuma, upande wa kulia, pameoza kiasi cha kiganja.

Injini mbili zilinunuliwa siku moja, ndiyo sababu Owino aliziita Opiyo na Odongo, kama wanavyoitwa pacha hapa. Zote zimezeeka. Umri wa injini haunitishi, naangalia oili ya gia. Ya Opiyo ni safi. Ya Odongo imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Pampu yake ya maji imeliwa na mchanga. Kichwani nilikuwa nimeshafika laki moja na kitu.

Nikachukua petroli mpya kidogo, nikavuta kamba ya Opiyo. Ikakataa. Nikaona gia imeingia. Ndivyo inavyotakiwa: kuna loki, kijiwaya kinachotoka kwenye gia mpaka kwenye kamba ya kuwashia, ili injini isiwake gia ikiwa ndani ikamrusha mtu. Nikatoa gia. Ikawaka mvuto wa tatu. Nikaizima.

Kwa Odongo sikuangalia gia. Niangalie ya nini na loki ipo? Nikavuta mara moja. Ikawaka. Propela ikazunguka hewani, boti nzima ikatetemeka juu ya magogo, nikaanguka juu ya tangi. Watu waliokuwa wakitazama kwa mbali walikimbia. Mwanamke mmoja akapiga kelele "Jachien!", ndilo jina lao la pepo wa maiti.

Nikaizima. Nikafungua kifuniko. Loki ipo lakini haifanyi kazi. Kijiwaya kimeng'olewa, kimekunjwa pembeni na kufungwa kwa waya wa shaba. Mizunguko miwili, ncha imeingizwa ndani isimchome mtu kidole. Marehemu baba ndiye aliyenifundisha kufunga hivyo. Sijaona fundi mwingine anayejisumbua na ile ncha.

Nilirudisha kifuniko. Okumu aliuliza kwa mbali nimeona nini. Nikasema bado naangalia. Adhana ya Ijumaa ilinikuta nimekaa mle ndani ya boti, na sikwenda.

Jumamosi, 6 Septemba. Suna.

Nimewaambia nitaleta bei Jumatano. Nimerudi. Sijala. Zaituni anauliza, nasema tumbo.

Jumapili, 7 Septemba.

Nimekumbuka yote isipokuwa jambo moja.

Owino alikuja na Odongo nyuma ya pikapu. Kamba inakwama hata gia ikiwa nje. Kuifungua na kutafuta shida ni kazi ya saa mbili, na yeye ana watu wa matanga wanamngojea ziwani. "Toa tu hiyo takataka, fundi." Nikaking'oa kijiwaya cha loki. Si yeye wa kwanza kuniomba. Dakika kumi, injini ikawaka, akafurahi, akanipa mia mbili na samaki mzima, mbuta. Tulimla siku mbili. Nilimwambia arudi wiki ijayo nimalize kazi. Hakurudi. Wala mimi sikumfuata.

Je, nilimwambia aangalie gia kabla ya kuvuta? Hilo ndilo silikumbuki. Tangu alfajiri najaribu. Kila nikijaribu najisikia nikimwambia, maneno kamili, kwa sauti yangu kabisa. Siiamini sauti hiyo. Imekuja wakati ninaihitaji.

Jumatatu, 8 Septemba.

Mchana nilimwona Owino ng'ambo ya barabara, amesimama juani na samaki mkononi. Nikatoka mbio na spana. Alikuwa mtu wa mkaa, ameshika kiatu chake kilichokatika. Akaniuliza kama namdai.

Nimemweleza Zaituni. Akasema kifo ni kudra, siku ya mtu ikifika imefika. Nikiwaambia ukweli duka litakufa, na marehemu hatafufuka. Nikamjibu kudra haikufunga ule waya. Nilimjibu kwa ukali na hakustahili. Ana hofu, hata mimi ninayo.

Nimepima kila upande. Nikinyamaza, boti inabaki muuaji na mama anapata thelathini, labda arubaini. Shetani ameniletea njia nyingine: niunganishe waya kimyakimya, niseme boti ni nzima, laki moja. Lakini nani alisema ni mbovu? Wanasema ina pepo. Boti nzima yenye pepo bei yake ni ileile thelathini. Haipandi mpaka wajue kwa nini iliruka.

Mficha uchi hazai. Ni rahisi kuwaambia wengine hivyo.

Jumatano, 10 Septemba. Homa Bay.

Tulikutana ufuoni: mama, Ouma, Okumu na wazee wawili. Niliwaomba wasogee karibu. Walisogea nusu ya njia.

Petroli nilishaitoa. Nikaweka gia kwa Opiyo, nikavuta, kamba ikakataa. Nikaweka gia kwa Odongo, nikavuta, kamba ikaja yote. Nikafungua kifuniko nikawaonyesha waya wa shaba. Nikasema mlikuwa mkisema boti ilimrusha, na ni kweli ilimrusha, kwa sababu kitu cha kuizuia kilikuwa kimetolewa. Hakuna pepo. Aliyekitoa ni mimi, miaka mitatu iliyopita, dukani kwangu Suna.

Kisha nikasema bei. Boti na injini zake, laki moja na ishirini. Nimetoa elfu kumi kwa pampu, gia na mbao iliyooza. Laki moja na kumi.

Ouma alinikamata shati. "Siku tano umekaa na hii maneno? Siku tano?" Nikasema ndiyo. Akasema atanifikisha polisi. Nikasema duka langu analijua. Mzee mmoja akamwondoa mkono kwa upole.

Okumu alikuwa ameshafika kwenye boti, anaipapasa ubavu kama fahali wa mnadani. Pepo lote limemtoka kwa dakika moja. Alisema kama makosa ni ya fundi, fundi amtengenezee Odongo bure. Nikakubali. Akatoa laki moja na tano, mama akaitikia kwa kichwa. Nilimchukia Okumu sana, na hana kosa lolote.

Mama Achieng' alitazama ule waya uliokuwa mkononi mwangu, akatazama mkono, akaenda zake nyumbani. Mia tano tuliyopatana kwa kazi sikuichukua.

Alhamisi, 11 Septemba. Homa Bay.

Odongo imekwisha. Loki imerudi mahali pake, nimeijaribu mara kumi. Nimeona pia ilikuwa na shida gani siku ile. Sitaki kuiandika.

Jumanne, 16 Septemba. Suna.

Polisi hawajaja. Ouma hajaja. Kila gari likisimama nje ninaweka spana chini na kungoja. Nilitamani waje, ningejua pa kuliweka jambo hili.

Habari imefika kabla yao. Wateja wawili wamepita mlangoni, wameniangalia, wakaenda kwa fundi jirani asiyejua hata kupanga plagi. Zaituni hakusema "nilikuambia". Ameanza kupika maandazi ya kuuza.

Nimeambiwa boti imerudi majini na imejaa abiria. Nilipaswa kufurahi. Niliwaza tu kwamba kuna mtu amesimama pale pale nyuma, anavuta kamba.

Ijumaa, 19 Septemba.

Nimekwenda msikitini. Nimekaa safu ya mwisho. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 24 Septemba.

Mama Achieng' amekuja, saa tisa, peke yake, na kikapu. Yuko njiani kwenda Karungu kuona kibanda cha kukausha samaki. Nilisimama, sikujua niweke wapi mikono. Zaituni akamletea kigoda na maji. Aliyaweka chini bila kunywa.

Alisema sokoni wanamsalimia sasa, hata wale waliokuwa wanamkimbia. Alisema hivyo kwa hasira. Kisha akaniambia nimwonyeshe hiyo kitu.

Kulikuwa na injini ya mtu kwenye stendi, aina moja na zile. Nilifungua kifuniko nikamwonyesha kijiwaya kwa kidole, kinapoanzia na kinapoishia. Akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Weka gia."

Nikaweka. Akasimama kama wavuvi walivyosema Owino alikuwa amesimama, akashika kamba kwa mikono miwili, akavuta. Ikakataa. Akavuta tena. Ikakataa. Alivuta mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka, na kila mara ilikataa. Zaituni aligeuka ukutani. Mimi sikumzuia mama.

Alipochoka alikaa. Akafunga kitambaa chake vizuri, bila haraka.

"Hii ya Odongo ilikuwa imeharibika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angeamini, na labda ingemsaidia.

"Hapana, mama. Ilikuwa na uchafu. Ilitaka kusafishwa tu."

Aliitikia kwa kichwa, kidogo. Akanywa yale maji yote. Hakusema amenisamehe na mimi sikumwomba. Akanyanyuka, nikambebea kikapu mpaka kwenye magari ya Karungu, naye akaniacha nikibebe.