Mtulinga wa Mbuzi Asiyezaliwa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kijusi changu cha mbuzi kimeiva! Dawa imeng'arisha nyama mpaka naona ndani, na mifupa imeshika rangi nyekundu. Taya, mbavu, miguu — kila kitu kipo. Begani, kati ya shingo na mkono, hakuna kitu!

Mimi nina mtulinga, ule mfupa wa hapo. Sungura ana wake, mwembamba. Mbuzi mkubwa hana. Miguu yake ya mbele imeshikwa na misuli tu. Ninachotaka kujua: je, akiwa tumboni huanza kuuunda, halafu hughairi?

Dkt. Mutanu, msimamizi wangu, hakufurahi. Kijusi kimoja si ushahidi. Nilete vingine, vichanga zaidi, kufikia Jumatatu ijayo, la sivyo nibadilishe mada. Nibadilishe! Baada ya kunuka dawa mwaka mzima? Ng'o.

Jumatano, 10 Septemba

Kawangware, machinjioni, mtaa wa Kongo. Wanzala, mchinjaji, huniwekea vijusi ambavyo vingetupwa. Leo hamna. Jana hamna. Nikamuuliza kulikoni, akajikuna kichwa.

"Daktari, si ulituonyesha ule mtoto wa kwa chupa? Maboyz waliingiwa na huruma. Siku hizi tunapapasa tumbo kwanza. Akiwa na mimba, anarudi kwao."

Na nani aliwafundisha kupapasa? Mimi! Ili waniwekee! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilicheka njia nzima hadi Gatina, kisha nikakumbuka Mutanu.

Ijumaa, 12 Septemba

Hamna. Mutanu amepiga simu. Sikupokea. Naogopa.

Jumamosi, 13 Septemba

Kuna mbuzi mlangoni kwangu! Hapa Kianda, mchana kweupe. Wanzala amemleta kwa boda, amempakata kama mtoto.

"Maboyz wamekutafutia. Tumeona unakonda. Ana mimba, bado changa, vile tu ulitaka. Sema, nimchinje hapo nyuma."

Anasema hivyo huku anamkuna mbuzi masikio. Hanitazami.

Nimepapasa. Kweli anayo. Miezi miwili hivi — haswa! Kama mtulinga huwahi kuwepo, labda uko hapa chini ya kiganja changu, sasa hivi. Lakini wale wengine wangechinjwa tu, niwepo nisiwepo. Huyu atachinjwa kwa ajili yangu. Roho inaniuma, na Jumatatu ni keshokutwa!

Nimempa Wanzala chai. Amemaliza. Nimemwongezea. Kisu kiko mezani, kimefungwa gazeti. Jirani yangu Filister ameshaleta sufuria, anauliza mbona tunachelewa. Mbuzi ametafuna kona ya ukurasa huu, nimemwachia.

Nimemtuma Filister sukuma wiki.

"Ya kula na nyama?"

"Wewe leta tu," nimemwambia. "Na wasitupe mabua, mbuzi huyapenda."